Ng'ombe wa Gerson

Kila asubuhi, jua likishavuka ua wa minyaa, Filipo Ndahani alimbeba mwanawe mgongoni kutoka chumbani na kumkalisha kwenye kiti cha mbao uani. Kiti kile alikitengeneza mwenyewe kwa mataruma ya mbao ya reli yaliyotolewa darajani, akakiwekea mkanda wa gunia kifuani ili mwanawe asianguke mbele. Gerson alikuwa na miaka ishirini na miwili. Miguu yake haikuwahi kumbeba tangu azaliwe, mkono wa kushoto ulikuwa umejikunja kifuani, na maneno machache aliyoweza kuyatamka yalieleweka kwa wazazi wake na, baada ya muda mrefu, kwa sisi majirani wa karibu. Mengine yote alikuwa kama mtu yeyote. Alicheka mtu akijikwaa. Alipenda uji wa uwele uliotiwa ubuyu. Alizitambua hatua za kila mpita njia, na usipomsalimia alinung'unika mpaka urudi.

Filipo alikuwa amestaafu mwezi wa sita mwaka 2017, baada ya miaka thelathini na mmoja katika gengi la reli, sehemu ya Gulwe. Kazi yake ilikuwa kokoto, mataruma na mto. Karibu kila masika mto wa Gulwe ulivunja tuta la reli mahali fulani, na gengi lililala kwenye mahema wiki mbili, tatu, likirudisha kilichobebwa na mto. Nyumba ya Miyuji, Dodoma, aliijenga kidogo kidogo kwa mshahara huo: vyumba vinne, viwili vyao, viwili vya kupangisha.

Siku kiinua mgongo kilipoingia benki, shilingi milioni thelathini na kitu, mkewe Anyesi alisema neno ambalo Filipo alilirudia kwangu mara nyingi baadaye.

"Hela hizi si zetu. Ni za siku ambayo mimi na wewe hatupo, na Gerson yupo."

Walikuwa na binti pia, Anitha, aliyeolewa Manyoni. Mume wa Anitha alikwisha sema kauli yake kuhusu Gerson, na Anyesi hakutaka kauli hiyo irudiwe nyumbani kwake. Kwa hiyo fedha ile ilikuwa na kazi moja: kuhakikisha kwamba pale wazazi watakapokuwa hawapo, atakuwepo mtu wa kumtoa Gerson chumbani asubuhi.

Mwezi wa tisa alikuja mpangaji, Evodia, mwenyeji wa Bukoba, aliyehamishwa na ofisi yake kutoka Dar es Salaam wakati wizara zilipokuwa zikihamia Dodoma. Alikuwa mhasibu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa kucheka. Jioni alikaa uani na Anyesi wakichambua mlenda, na jioni moja Filipo alimuuliza mtu mwenye milioni thelathini afanye nini.

"Inategemea unazitaka lini, baba," Evodia akasema.

"Nikishakufa."

Evodia aliacha kuchambua mlenda. Filipo akamwonyesha Gerson kwa kidevu, na mpangaji akaelewa.

"Basi ni za muda mrefu," akasema. "Kwanza, usiweke zote kwenye kitu kimoja. Kuna mfuko wa uwekezaji wa pamoja, unanunua vipande. Wao wanakusanya hela za watu wengi, wanaziweka kwenye hatifungani za serikali, kwenye hisa, kwenye benki. Kimoja kikiyumba, vingine vinashikilia. Ofisini tunaita portifolio."

"Mwanangu, Wahaya mnapenda kutufundisha. Hilo la kutoweka kitu pamoja unamfundisha Mgogo?"

"Kwani Wagogo mna portifolio?"

"Tunayo. Ila ya kwetu ina kwato."

Walicheka wote, na Gerson aliyecheka kwa sauti kuliko wote hakujua wanacheka nini.

Hapo ndipo Filipo alipomweleza jinsi baba yake alivyoweka ng'ombe. Mgogo mwenye ng'ombe arobaini hawalazi wote kwenye zizi lake. Huweka watano kwa shemeji, sita kwa rafiki, wanne kwa mpwa, kila kundi kijiji chake. Anayepewa hunywa maziwa, hutumia mbolea, hulimia maksai, na baada ya miaka kadhaa hupewa ndama wake. Ng'ombe akifa, huleta ngozi kwa mwenyewe ili ijulikane kwamba hakuuzwa. Ugonjwa ukiingia kijiji hiki, kile kimepona. Mvua ikikosekana huku, kule imenyesha.

"Na kuna jambo la pili," Filipo akasema. "Vipande vyako haviwezi kumbeba mtu. Lakini mtu aliyekunywa maziwa ya ng'ombe wa Gerson miaka kumi, siku mimi nikiondoka, hawezi kusema hamjui Gerson."

Evodia alirudi kwenye mlenda. "Basi fanya nusu kwa nusu," akasema.

Ikawa hivyo. Milioni kumi na tano zilinunua vipande. Nusu ya pili ilinunua ng'ombe ishirini na sita, wengi mitamba, na Filipo akawaweka kwa watu watano. Aliniomba nimwandikie daftari, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, na nililiandika kama alivyotaka: jinsia, rangi, mahali, mtu, tarehe. Sita walikwenda Gulwe kwa mpwa wake Meshack. Watano Msagali kwa Elisante, mwenzake wa gengi, ambaye alikuwa rafiki yake wa kutukanana. Watano Igandu kwa Fredy, aliyebatizwa naye siku moja. Watano Godegode na watano Kidete, kwa wengine wawili wa gengi.

Nilipomaliza kuandika alinihesabia vituo kwa vidole. "Igandu, Msagali, Gulwe, Godegode, Kidete. Toka cha kwanza mpaka cha mwisho ni mwendo wa siku tatu kwa miguu. Jambo gani litawapata wote kwa mara moja?"

Nilikuwa sijafika hata kimoja cha vituo hivyo.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri. Mvua zilinyesha, mitamba ilizaa, na kila miezi michache simu ya Filipo ililia nikaitwa na daftari. Meshack alipiga mara nyingi kuliko wote.

"Mbukwenyi, mjomba! Yule mwekundu amezaa."

"Dume au jike?"

"Jike, mjomba. Ana doa jeupe usoni, utadhani ameoga nusu."

Vipande navyo vilipanda, lakini polepole na bila kelele. Kila milioni moja ilileta kama laki moja na kidogo kwa mwaka, nayo karibu yote Filipo aliitumia kwa chanjo na dawa za ng'ombe. Hakuna aliyepiga simu kusema kipande kimezaa.

Mwaka 2019 ng'ombe walifika thelathini na wanane. Evodia alichukua penseli, akapiga hesabu nyuma ya bahasha ya ofisini kwake.

"Baba, angalia. Tulianza nusu kwa nusu. Leo ng'ombe ni kama milioni ishirini na tatu, vipande kumi na tano na nusu. Uza sita sasa hivi wakiwa na bei, ununue vipande, tuwe sawa tena."

"Niuze wanaozaa, ninunue wasiozaa?"

"Si kwamba ng'ombe ni wabaya. Ni kwamba wamekuwa wengi upande mmoja wa mzani. Wakianguka, wanaanguka na sehemu kubwa ya Gerson."

"Nichukue kwa nani?" Filipo akauliza. "Nikimnyang'anya Elisante ng'ombe wawili, nimemwambia nini? Nimemwambia simwamini. Nimnyang'anye Meshack? Meshack ndiye mkono wa Gerson."

Katika mifuko ya uwekezaji huombi radhi kwa kipande unapokiuza.

Miaka miwili baadaye Filipo alifanya kinyume kabisa cha ushauri ule. Bei ya ng'ombe ilikuwa imepanda, machinjio yalitaka nyama, mji ulikuwa umejaa watu. Alikwenda kuuza vipande. Vilikuwa vimefika milioni kumi na sita, na alikusudia kuvimaliza vyote. Anyesi, ambaye kwa kawaida hakumpinga mbele ya mtu, alimsimamisha mlangoni nikiwa uani kwao.

"Baba Gerson, bakisha kidogo."

"Kidogo cha nini? Kinalala tu."

"Kilale. Mgongo wangu nao umeanza kulala. Bakisha milioni tatu, usinifanye nipige magoti."

Alibakisha milioni tatu. Kumi na tatu zilikuwa ng'ombe ishirini, nao wakagawanywa kwa watu walewale watano, katika vituo vilevile. Evodia aliposikia alisema tu, "Sawa, baba," akaingia ndani. Hakugusia jambo hilo tena mpaka mwaka 2022.

Mwaka huo masika yaliisha mapema, na kiangazi kilichofuata hakikuwa na mwisho. Kufikia mwezi wa tisa mabwawa ya Igandu yalikuwa matope makavu. Ng'ombe wa Filipo walikuwa sabini na mmoja. Kila mlezi, kwa wakati wake na bila kushauriana na mwenzake, aliondoa ng'ombe nyumbani kufuata maji. Na maji yalikuwa mahali pamoja tu: Gulwe, chini ya mchanga wa mto, ambapo ukichimba urefu wa mtu bado yalitoka.

Meshack alipiga simu kwa furaha. "Mjomba, ng'ombe wako wamekutana! Mzee Elisante yuko hapa, Fredy yuko hapa, hata wa Kidete wamefika jana. Njoo uwaone!"

Filipo alikwenda kwa basi la Mpwapwa, akalala kule siku mbili. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyetoka harusini. Katika maisha yake hakuwahi kuwaona wote kwa pamoja. Walikonda, alisema, mbavu zinahesabika, lakini wote sabini na mmoja wapo, wamesimama kwenye mchanga kama kundi la mtu mmoja.

Evodia alikuwa akifua. Aliinua mikono kutoka kwenye beseni. "Wote, baba? Sehemu moja?"

"Maji yako hapo tu."

"Na vijiji vile vitano?"

Ndipo Filipo alipoeleza, taratibu, na nadhani hata yeye alikuwa akiyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza. Reli ya kati inafuata mto. Wajerumani waliijenga bondeni kwa sababu milimani isingepita. Vituo vyote vitano viko kando ya mto mmoja. Mtu wa gengi hupima nchi kwa vituo, na kituo hadi kituo ni mbali ukibeba nyundo. Lakini mto ni uleule.

"Waondoe," Evodia akasema. "Uza hata ishirini."

Alijaribu. Alikwenda mnadani na madume wanne. Kila mfugaji wa wilaya alikuwa na wazo hilohilo siku hiyohiyo, na ng'ombe aliyekuwa laki saba mwaka uliotangulia aliulizwa laki moja na themanini. Akawarudisha mtoni.

"Mvua ikinyesha wiki tatu, majani yakaota, atarudi laki sita," alisema. "Nikiuza leo nimemtupa Gerson."

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja walezi wenyewe walianza kuingiwa na hofu. Mawingu yalionekana upande wa Kongwa, ambako mto hupata maji. Elisante alimpigia simu, nami nilikuwepo, na simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje kwa sababu Filipo alikuwa akimnyoa Gerson ndevu.

"We mzee wa kokoto, tuondoke au tubaki? Vijana wanasema tupande mlimani."

"Mlimani kuna maji?"

"Hakuna hata ya kunawa uso wako mbaya."

"Basi bakini. Mto huo naujua kuliko ninavyomjua mke wangu. Miaka thelathini na mmoja, haujawahi kushuka na mafuriko kabla ya katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Tarehe kumi na tano muwe mmetoka wote. Si kumi na sita."

"Kumi na tano. Umeandika?"

Filipo akanitazama. Nikaandika.

Mto ulishuka tarehe tisa, saa nane mchana.

Meshack aliyaeleza hayo tarehe kumi na nne, akiwa amesimama uani Miyuji. Alikuja na fuso lililobeba ngozi. Hakupiga simu kabla, kwa kuwa habari ya namna ile kwao haisemwi kwa simu, na kwa kuwa alitaka kuja na ushahidi kama desturi inavyotaka. Alikuwa na matope makavu mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Meshack alifungua nyuma ya fuso, na harufu ikafika kabla ya macho. Alianza kushusha ngozi moja moja, zikiwa zimepakwa chumvi na kukunjwa, akazitandaza uani mpaka mahali pa kukanyaga pakakosekana. Zilikuwa ishirini na tatu.

"Nyingine?" Filipo akauliza.

"Nyingine zimekwenda na maji, mjomba. Tumetafuta mpaka karibu na Kidete. Mamba na mbwa walikuwa wametutangulia."

"Mvua ilinyesha saa ngapi?"

"Haikunyesha. Jua lilikuwa linawaka. Ng'ombe walikuwa mchangani, kila kundi na kisima chake, zamu ya kunywa. Tulisikia mlio, Fredy akasema ni treni. Mzee Elisante akasema treni gani saa hizi. Tulipogeuka tuliona magogo yanakuja kwanza." Alijipangusa pua kwa kiganja. "Walikuwa wamedhoofu, mjomba. Mwenye nguvu angepanda ukingo. Wao walisimama tu, wakatutazama."

"Wamebaki wangapi?"

"Wako, tisa. Kwangu watano, kwa Fredy wanne. Mzee Elisante hana hata mmoja, wako wala wake."

Filipo alitembea kati ya ngozi zile. Aliinama kila baada ya hatua, akazitaja: huyu wa Msagali, huyu mama yake yule wa Igandu. Kwenye ile yenye doa jeupe usoni alichuchumaa. Gerson, kwenye kiti chake, alikuwa akimwita Meshack kwa furaha, kwa kuwa alikuwa amezitambua hatua zake, na Meshack alikuwa amesahau kumsalimia.

Wiki ya tatu ya mwezi wa kwanza, Filipo alimwinua Gerson kama kawaida, akapiga hatua mbili, akaanguka naye. Hospitali walisema ni kiharusi, presha ilikuwa juu sana. Alirudi nyumbani baada ya siku kumi na nane, upande wa kulia umekufa, mdomo umevutwa. Kulikuwa sasa na watu wawili wa kuinuliwa katika nyumba ile, na wa kuwainua alikuwa Anyesi, mwenye miaka sitini na mgongo ule. Mimi na kijana wa jirani mwingine tulisaidia asubuhi tulipokuwepo. Siku tusipokuwepo, Gerson alikaa kitandani mpaka jioni, na ukipita njiani ulimsikia akiita.

Mwezi wa tatu Filipo aliwaita walezi. Alitaka waje wote watano. Wa Godegode alituma salamu. Wa Kidete hakutuma kitu. Walikuja Meshack, Fredy na Elisante, wakakaa kwenye benchi uani, na Filipo aliletwa nje kwenye kiti cha plastiki, uso kwa uso na mwanawe. Evodia alisimama mlangoni mwa chumba chake. Mimi niliombwa niwepo na daftari.

Filipo alisema kwa taabu, na Anyesi akatafsiri, ingawa wote tulielewa. "Anasema, yeye hawezi tena. Anauliza nani atambeba Gerson."

Elisante ndiye aliyeanza, na hakukuwa na utani.

"Filipo, mimi nilikuwa na ng'ombe kumi na wanane wangu mwenyewe. Vijana walitaka kupanda mlimani. Nikawaambia hapana, Filipo anaujua mto, Filipo ametoa tarehe. Nikaja hapa kukuona kwa sababu umeumwa. Lakini usiniulize swali hilo. Mimi mwenyewe nakula kwa mkwe."

"Elisante," Anyesi akasema.

"Shemeji, niache. Nisipolisema leo nitakwenda nalo kaburini." Akamtazama Filipo. "Ungesema tu hujui, tungepanda."

Filipo alifumba macho. Chozi lilitoka upande mmoja tu.

Fredy alisema wanawe wote wawili wamekwenda Morogoro kutafuta vibarua, nyumbani yuko yeye na mkewe mgonjwa. Alisema atauza ng'ombe wawili kati ya wale wanne alete fedha. Filipo akatikisa kichwa: hakuuliza fedha.

Meshack alikuwa amekaa mwisho wa benchi, akikwangua udongo kwenye ndala zake.

"Mjomba, nimekunywa maziwa ya Gerson," akasema. "Sikatai. Lakini nisiseme uongo mbele yako. Kiangazi nitamchukua. Mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja, nipo nyumbani, mke wangu yupo, tutamgeuza, tutamwogesha. Masika siwezi. Sasa ng'ombe watano hawatoshi kutegemea, masika mimi na mke wangu tuko shambani tangu alfajiri mpaka giza. Tukimfungia ndani, tutarudi jioni tumkute vipi?"

"Masika ni miezi mitano," Anyesi akasema.

Hapo Evodia alitoka mlangoni. "Mama, zile milioni tatu zipo. Kwa mwaka zinaleta kama laki tatu na nusu. Msaidizi wa kazi hiyo hatakubali chini ya elfu themanini kwa mwezi. Ni miezi minne, kuanzia mwezi wa kumi na mbili faida ikishaingia, na zenyewe tusiziguse."

"Na kodi yako?"

"Kodi yangu ndiyo mnayokula, mama, na dawa za baba."

Ilikuwa kweli. Vile vyumba viwili, ambavyo Filipo hakuwahi kuvihesabu kati ya mali za Gerson, ndivyo vilivyokuwa vikiwalisha.

Meshack alihesabu kwa vidole: saba yake, minne ya msaidizi. Akasimama kwenye kidole cha mwisho. "Unabaki mwezi wa nne."

Fredy alitazama ardhi. Gerson alitazama kila mtu kwa zamu, akingoja wacheke.

"Mwezi wa nne nitambeba mimi," Anyesi akasema, akainuka kwenda kuwapa maji. Alijishika kiunoni kabla ya kunyooka, kisha akashika ukuta.

Usiku ule, nyumbani kwangu, nilipiga hesabu nyingine ambayo sikumwonyesha mtu. Milioni kumi na sita, kama zingebaki zilivyokuwa, faida yake tu ingemlipa msaidizi mwaka mzima, na nyingine ingebaki. Niliichana karatasi ile. Evodia, ambaye lazima aliijua hesabu hiyo tangu zamani, hajawahi kuitaja mpaka leo.

Mwezi wa nne mwaka huo ulipita. Anyesi alimbeba mwanawe siku kumi na moja, kisha akaanguka mlangoni, akavunjika kifundo cha mkono. Siku zilizobaki, isipokuwa asubuhi chache tulizokuwepo sisi majirani, Gerson alikaa ndani, na alipata kidonda cha mgongo ambacho kilikuwa bado hakijafunga Meshack alipokuja kumchukua, tarehe mbili mwezi wa tano.

Meshack alikuja na kitenge kizito cha mkewe. Alichuchumaa, tukamweka Gerson mgongoni kwake, Anyesi akakifunga kitenge kwa mkono mmoja huku mimi nikikivuta upande wa pili. Gerson alifurahi mwanzoni. Alipoona wanavuka ua na baba yake habebwi, alianza kuita. Alimwita mpaka walipopinda barabarani, na tuliendelea kumsikia.

Filipo alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki. Kiti cha mataruma mbele yake kilikuwa kitupu, mkanda wa gunia umening'inia. Alinionyesha daftari kwa mkono wa kushoto.

"Andika," akasema. Siku hizo neno lile alikuwa akilitamka vizuri.

Nilifungua ukurasa wa mwisho, chini ya orodha ya wale tisa, nikangoja.

"Dume," akasema. "Mmoja. Gulwe. Meshack."

Niliandika. Mahali pa rangi niliandika jina lake, Gerson Filipo Ndahani. Niliandika tarehe ya kuondoka. Kisha nikamuuliza kama niandike na tarehe ya kurudi, mwezi wa kumi na moja, kama walivyokubaliana.

Filipo aliangalia barabara. Kisha akatikisa kichwa.

"Tarehe, acha," akasema.

Nimeiacha wazi.